Taa Nyekundu za Gari la Daktari

Jumatatu, 3 Machi

Mama kanipa daftari hili. Amechoka kunisikia nikibwata mezani kila jioni kuhusu gereji, kuhusu waya, kuhusu Kaka. "Andika," kasema. "Karatasi haiumwi kichwa." Haya, naandika.

Mvua imeanza leo. Ikinyesha ndipo sisi mafundi umeme wa magari tunapata kazi, maana maji na waya hawajawahi kuelewana. Gari la kwanza kuingia lilikuwa la Daktari: gari la michezo la Kiingereza, la kijani, viti viwili, paa la turubai, na umri wake unaupita wangu. Daktari mwenyewe ni mama wa miaka sabini na minne. Alishastaafu hospitali kubwa, lakini kila Jumanne na Ijumaa hupanda mlimani kutibu watoto kwenye zahanati isiyokuwa na daktari mwingine.

"Mwanangu, hii taa," kasema, akinionyesha ile nyekundu ya chaji. "Haiwaki, haizimiki. Inanikonyeza tu."

Nikamweleza. Taa ile ina pande mbili. Upande mmoja unapokea umeme wa betri kupitia swichi ya ufunguo, upande wa pili umeungwa na altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini na kutengeneza umeme. Ukifungua ufunguo, betri inasukuma, altaneta bado imelala, umeme unapita na taa inawaka. Injini ikishanguruma, altaneta nayo inasukuma kutoka kwake. Nguvu zikilingana, hakuna umeme unaopita, taa inazima. Ikibaki inafifia hivi, basi upande mmoja unapungukiwa. Mahali fulani pana kutu au waya umelegea.

Kaka alikuwa amelala chini ya lori, miguu tu inaonekana. Tangu Baba afariki gereji ni yetu wawili: yeye injini na breki, mimi umeme. Wateja humwita Bubu, na jina halikumwonea.

"Ing'oe," akasema kutoka huko chini. "Chaji ipo. Inasumbua watu bure."

"Nitaing'oa siku utakayong'oa masikio yako," nikamjibu.

Nikasikia spana ikiendelea kukaza nati. Ndiyo mazungumzo yetu hayo.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Bati linapiga kelele hata redio haisikiki. Bado sijalipata tatizo la taa ya Daktari.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelipata! Kisanduku cha fyuzi kilikuwa na ukungu wa kijani kwenye vishikio. Nimekwangua, nimepaka grisi, taa imezima kabisa. Daktari kapiga makofi kama mtoto. Kaka kapita, katazama, kaenda kunawa mikono. Hata "sawa" hakusema. Siku tano nimeinamia dashibodi ile mpaka shingo imegoma.

Jumatano, 12 Machi

Nimekasirika hadi kalamu inatoboa karatasi.

Gari la Daktari limeletwa likivutwa kwa kamba, betri imekufa. Nimefungua ufunguo: taa ya chaji haiwaki kabisa. Nikaingiza mkono nyuma ya dashibodi. Balbu na kishikio chake vilikuwa vinaning'inia, vimechomolewa!

Hapa wengi wanakosea. Taa ya chaji si ya kutazama tu. Ule umeme kidogo unaopita ndani yake ndio unaoiamsha altaneta asubuhi. Ukitoa balbu, altaneta inazunguka tu kama pangaboi na haitoi kitu, mpaka betri inaisha njiani.

Nilimfuata Kaka. "Wewe ndiye uliyelipeleka gari lile kwake Ijumaa?"

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye uliyesema taa ing'olewe?"

"Sijaigusa."

"Basi imejichomoa yenyewe, ikachoka kukaa."

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye lori lake. Huyo ndiye Kaka. Ukimsemesha ni kama unaongea na tairi. Nilimweleza Daktari yote, jinsi balbu moja ndogo ilivyouzima umeme wote. Alinisikiliza akifuta miwani, akaifuta tena, akauliza: "Na hizi nyingine? Ya oili, ya breki? Nazo zikitoka gari linazima?" Nikamwambia hapana, hizo zinatoa taarifa tu. Angalau yupo mtu anayeniuliza maswali.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Kaka kanuna. Nami nimenuna. Mama katupakulia chakula kila mtu upande wake wa meza.

Alhamisi, 20 Machi

Sasa ni taa ya breki. Nyekundu kali, si ya kukonyeza.

Breki za gari hili zimegawanywa njia mbili, mbele na nyuma, ili moja ikifa nyingine ibaki. Katikati pana kichuma kidogo kinachosukumwa na mafuta ya pande zote mbili. Presha zikilingana, kinakaa kati. Upande mmoja ukivuja, kinasogezwa pembeni kinabonyeza swichi, na taa inawaka. Kwenye dashibodi pana kitufe cha kuijaribu. Ukikibonyeza na taa ikawaka, ujue balbu ni nzima. Nilimfundisha Daktari abonyeze kila asubuhi kabla hajaondoka.

Kaka kafungua gurudumu la nyuma, kakuta mpira wa silinda ya breki umechakaa, mafuta yanatoka jasho. Mpira mpya hauko mjini, lazima uagizwe na uje kwa posta. Akachukua mwingine uliotumika, akausafisha, akauvisha.

"Huo ni wa kuunga," nikasema.

"Ni wa kungojea."

"Kwa nini usimwambie aliache gari?"

Daktari alikuwa amesimama pale pale. "Nikiliacha gari, kesho Ijumaa watoto arobaini watanitazamia njiani," akasema. "Kule basi haliendi."

Kaka akafikiri sana. Kisha akamwambia maneno mengi kuliko niliyomsikia akisema mwezi mzima: "Mama, nenda polepole. Taa ikiwaka tena, simama hapo hapo ulipo, hata kama ni katikati ya barabara. Usiendeshe hata hatua moja. Nipigie, nitakuja." Daktari akaitikia.

Mwanawe alikuja kumchukua, kazi ikiwa haijaisha. Tunamwita Mhandisi, anajenga madaraja, hana muda hata wa kukaa. Aliiona taa kabla haijazimwa. "Mama, si tumeongea?" akasema. Daktari akajifanya anatafuta mwavuli.

Ijumaa, 28 Machi

Mpira haujafika. Posta wanasema barabara imekatika. Nimemwuliza Kaka kama amempigia Daktari. "Nimempigia. Taa haijawaka." Haya.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Mteja kaniambia mimi mwanamke nina mikono mizuri ya kupika. Nikamwambia na yeye ana mdomo mzuri wa kufungwa.

Jumanne, 8 Aprili

Mpira bado. Kaka kaenda posta mwenyewe, karudi ameloa chapachapa, mikono mitupu.

Ijumaa, 11 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianze na simu.

Saa nane mchana Kaka alipigiwa. Alisikiliza, uso ukabadilika, akachukua gari letu la kuvutia magari mabovu, akaondoka bila kuvaa koti. Nilimkimbilia nikapanda.

Daktari alikuwa anashuka mlimani kwenye mvua, pamoja na muuguzi wa zahanati. Pale mteremko unapoishia kwenye njia panda, alikanyaga breki na pedali ikaenda karibu mpaka chini. Breki za nyuma hazikuwepo kabisa. Za mbele zikashika ghafla, gari likateleza kwenye matope, likakata barabara, likajipigiza kwenye ukuta wa duka la dawa. Asante Mungu hapakuwa na mtu pale ukutani. Daktari alipasuka paji la uso kidogo. Muuguzi alikuwa ameutanguliza mkono, mfupa ukavunjika. Nilimkuta amekaa barazani, mkono umefungwa kwa kanga, meno yanagongana, na Daktari amepiga magoti mbele yake akisema, "Nisamehe, binti yangu. Nisamehe." Nilidhani ni mshtuko.

Tulilivuta gari hadi gereji. Muuguzi alipelekwa hospitali, lakini Daktari aligoma kwenda kabla hajaongozana na gari. Mhandisi akafika na buti zake za kazini, nyuma yake wateja watatu, mwenye magari ya shule, na watu wa kupita waliotaka kuona.

"Taa iliwaka?" Mhandisi akamwuliza mama yake.

"Haikuwaka," Daktari akajibu, sauti ndogo.

Nilifungua ufunguo, nikabonyeza kile kitufe. Giza. Nikabonyeza tena. Giza. Kaka akalala chali chini ya usukani, akamulika kwa tochi. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka hakunitazama mimi wala Mhandisi. Alimtazama Daktari.

"Balbu haipo," akasema.

"Haipo vipi?" Mhandisi akapaza sauti. "Nani kaitoa?"

Kaka alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Hapo mimi nikalipuka.

"Sema!" nikapiga kelele. "Si wewe uliyesema taa inasumbua watu bure? Si wewe uliyesema ing'olewe? Umeweka mpira mbovu, umetoa na balbu isikuaibishe! Mtu kavunjika mkono! Baba angekuwepo angekufukuza hapa!"

Watu wote walisikia. Bati lilikuwa limenyamaza, mvua imekatika wakati ule ule.

"Nilisema," Kaka akajibu.

Basi. Neno hilo moja. Mhandisi akasema watakutana polisi, akamshika mama yake mkono wakaondoka. Daktari aligeuka mara mbili kutazama nyuma.

Jumamosi, 12 Aprili

Sikwenda gereji. Sirudi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mwenye magari ya shule kayaondoa yote matatu. Kaka kaitwa polisi kuandika maelezo. Mama kaniuliza, "Una uhakika?" Nikamwambia alikiri mbele ya watu. "Alisema nini?" Nikamwambia: alisema, Nilisema. Mama akanyanyua nyusi, akaendelea kukunja nguo. Siku hizi hata Mama ananikera.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Nimeosha dari la jikoni. Nani anaosha dari?

Jumatano, 23 Aprili

Nilikwenda kuchukua mita yangu ya kupimia na bisibisi zangu, nikachagua saa ambayo Kaka yuko polisi tena. Gari la Daktari lilikuwa pembeni, pua imebonyea. Sikutaka kuligusa. Lakini ile nafasi tupu ya balbu ilinikera, kama jino lililong'oka linavyouita ulimi. Nikachukua balbu mpya, nikavua saa, nikaingiza mkono.

Nyuma ya dashibodi ile, kati ya bomba la joto na spidomita, ile saa ya mwendo, pana upenyo mwembamba sana. Mkono wangu hupita kwa kukwaruzika, na mimi ni mwembamba. Nikasimama hapo hapo, mkono uko ndani.

Mkono wa Kaka haupiti humu. Ngumi yake ni kama nyundo. Ili aifikie balbu ingembidi atoe spidomita nzima kwa mbele, na spidomita ikitolewa lazima nati mbili za nyuma zifunguliwe. Nikamulika. Nati zilikuwa na vumbi na utando wa buibui, hazijaguswa miaka. Nikakivuta kishikio nikakitazama kwenye mwanga: kilikuwa na alama ndogo ndogo za meno ya koleo nyembamba. Gereji kwetu hatuna koleo nyembamba kiasi hicho.

Nilikaa kwenye kile kiti kilicholoa mpaka sketi ikaloa na yenyewe. Nilikumbuka jinsi Kaka alivyotoka chini ya usukani, na aliyemtazama.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimekwenda kwa Daktari. Alinifungulia mwenyewe, plasta bado iko kwenye paji la uso. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nikasahau yote, nikaweka kishikio juu ya meza.

Alikitazama. Kisha akaenda kwenye mkoba wake wa kazi, akatoa koleo ya kushonea vidonda, ndefu, nyembamba, akailaza kando ya kishikio.

"Na ile ya Machi pia ni mimi," akasema.

"Kwa nini, Mama?"

"Mwanangu alisema, siku nikiona taa nyekundu kwenye gari hilo tena, ufunguo nauchukua. Alikuwa anatafuta sababu tu, na sababu ilikuwa inawaka mbele ya pua yake. Ile ya chaji niliogopa itakonyeza tena, nikaichomoa, gari likanizimikia. Ukaniambia ya breki haizimi gari."

Nilijisikia kama nimemwagiwa maji. Ni mimi niliyemwambia.

"Ya breki iliwaka Jumanne ya wiki ya ajali, nikiwa nimefika nyumbani," akaendelea. "Ijumaa yeye ndiye angelitoa gari getini, angeiona. Nikasema, nipande na kushuka mara moja hii tu, halafu nitampigia Bubu. Mara moja tu." Akafunika uso. "Miaka arobaini nimewagombeza wazazi waliosubiri mpaka kesho."

"Kaka yangu anaitwa polisi!" Nilisikia sauti yangu inapanda, sikuizuia. "Wateja wamekimbia! Siku kumi na tatu umekaa na siri hii?"

"Kaka yako alikuja hapa siku iliyofuata ajali. Nilidhani amekuja kunitukana. Akasema, Mama, sema mwenyewe ukiwa tayari, mimi sitasema. Kisha akasema mpira alivisha yeye, na ruhusa alitoa yeye, kwa hiyo hajioni mwenye haki ya kumnyooshea mtu kidole."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Nilitaka kumhurumia, nikashindwa vilevile. Nilimwambia kitu kimoja: "Muuguzi hawezi hata kujifunga nywele." Nikaondoka.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Sijamwambia Kaka kwamba najua. Nimeanza mara tatu. Anakula, ananawa, anatoka. Unauombaje radhi mgongo wa mtu?

Jumanne, 29 Aprili

Daktari amekwenda polisi mwenyewe, na mwanawe pembeni. Kaka alituambia mezani, kwa maneno saba, nimeyahesabu. Faili lake limefungwa. Daktari ndiye atakayejibu. Kabla ya hapo alipita kwa muuguzi, akamweleza yote akiwa amesimama mlangoni. Muuguzi alimsikiliza, akafunga mlango. Sasa ni juu yao wawili.

Ufunguo wa gari aliuweka mwenyewe mkononi mwa Mhandisi. Wanasema Mhandisi ndiye aliyelia.

Jumatano, 30 Aprili

Mpira wa breki umefika. Umefungwa kwenye karatasi, mdogo kama pete. Kaka kauweka kwenye kiganja kautazama muda mrefu.

Ijumaa, 2 Mei

Nimeamka nikiwa nimeamua. Nilipiga kelele mbele ya watu, basi haifai kunong'ona jikoni.

Nilifika gereji saa tatu. Kulikuwa na wateja wawili, fundi tairi wa jirani, na mwenye magari ya shule aliyekuja kuuliza kama tunaweza kumwangalia gari moja "tu". Kaka alikuwa ameinamia injini. Nikasimama katikati ya uwanja, kwenye dimbwi, maana ndipo palipobaki nafasi.

"Jamani, nisikilizeni," nikasema. "Siku ile nilimwambia Kaka ametoa balbu. Hakuitoa. Nilisema ametaka kuficha kosa. Hakuficha. Nilimtaja Baba, na hilo halikustahili kabisa. Nilikosea, na niliwakosesha na nyinyi. Kaka, naomba unisamehe."

Fundi tairi akavua kofia, sijui kwa nini. Mwenye magari ya shule akatazama viatu vyake. Kaka aliinua kichwa kutoka kwenye injini polepole, usoni ana grisi.

"Nimesikia," akasema. Kisha, akijipangusa grisi shavuni: "Hata wa barabarani wamesikia."

Mteja mmoja akacheka, na wengine wakafuata. Lakini Kaka hakucheka, na mimi sikumaliza.

Walipotawanyika nikamfuata pale alipo. Nilikuwa na hasira bado, nakiri. Hasira ya kuachwa nijiaibishe wiki tatu nzima. "Ungeniambia," nikasema. "Neno moja. Mimi ni ndugu yako. Ungesema siyo mimi, ningekuamini."

"Mara ya kwanza nilisema sijaigusa."

Nikaokota spana iliyoanguka, nikaipangusa.

"Na mara ya pili," nikasema, sauti imeshuka, "kwa nini hukunijibu?"

Akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama siku ile.

"Hukuniuliza, mdogo wangu," akasema. "Ulishanijibia."

Akainama tena kwenye injini. Nilisimama pale, matope yanaingia viatuni. Nikaenda upande wa pili wa gari lile lile, nikainama nami.

"Ukiwa tayari," nikasema, "nieleze kilichoharibika. Nasikiliza."

Akanieleza. Ilichukua nusu saa. Sikumkatiza hata mara moja.